Piga Picha Kabla ya Kufungua

9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Najua unaisoma hii ukiwa umebana pini midomoni, kwa hiyo zitoe kwanza ndipo uitikie, usije ukazimeza kwa ajili yangu. Mimi mzima. Kile kifua kimepona, na bweni letu limepakwa rangi mpya inayonuka kuliko uchafu iliyouficha. Baba aliniambia goti linamsumbua akishuka kwenye shimo la gereji. Yeye ni mdogo wako, anakuogopa, basi mwambie atumie ngazi.

Sasa jambo lenyewe. Baba atakuletea kiboksi, ndani mna simu yenye kamera. Usimrudishie. Najua msimamo wako kwamba simu ni ya kuulizana hali na maneno ya ukoo huandikwa, na ndiyo maana naandika, tena huku bwenini mtandao wenyewe hauna adabu. Lakini kamera si maneno. Hapa ghalani ninakokagua mizigo, kila mkaguzi hupewa simu ya kazi, na kazi yake si kupiga wala kupokea, ni picha tu. Sheria ya kwanza tuliyofundishwa ni hii: piga picha kabla ya kufungua. Sanduku likifika unalipiga picha pande zote, ndipo unashika kisu. Ukikuta sahani zimevunjika, picha inasema zilivunjikia njiani, si mikononi mwako. Na wewe ukitaka kufungua cherehani uitie mafuta, ipige picha kwanza. Hutabaki na skrubu moja kiganjani ukiitukana mpaka majirani wakaja kuamua ugomvi.

La pili. Nimepandishwa cheo. Kuanzia Julai nitakuwa msimamizi wa zamu, na siku ya kukabidhiwa natakiwa kuvaa koti la bluu iliyokoza. Nilitaka kununua dukani. Halafu nikakumbuka nani alinishonea sare ya kwanza ya shule, nikaogopa kulaaniwa. Kitambaa kinakuja na basi. Upande wa nje unang'aa kidogo, wa ndani umefifia. Nitumie picha kila hatua, tafadhali, nijue umefika wapi.

Mwanao,
Kibiriti

2 Machi

Kibiriti,

Marahaba. Pini nilizitoa. Hongera kwa cheo, ingawa nawaonea huruma watakaosimamiwa nawe, maana jina nililokupa ukiwa huna hata meno lilikufaa tangu siku hiyo.

Huku tuko salama. Baba yako nimemsema kuhusu ngazi, akanyamaza, na wewe unajua kunyamaza kwake maana yake ni hapana. Bati la chumba cha nyuma linavuja. Mama Chaji, huyu jirani anayetengeneza simu na kuchajia watu, amenunua mashine ya kutoa picha, sasa mlango wangu umekuwa njia ya wapita njia.

Simu nimeipata. Nimeiwasha, ikaniuliza maswali ambayo hata mume wangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuniuliza. Mama Chaji ndiye aliyeijibu. Mwanangu, mimi nimeshona nguo za watu wa mtaa huu tangu baba yako anavaa kaptura. Sikuwahi kuhitaji picha ili nijue skrubu inarudi wapi. Ile siku unayoisema, skrubu ilikuwa ya ziada.

Kitambaa pia kimefika. Kizuri, kimeshikamana, hakitachanika mshononi. Hukuwa na haja ya kunieleza upande wa nje na wa ndani. Fundi aliyezaliwa fundi hujua upande wa kitambaa kwa kidole. Nitumie vipimo vyako, usinitumie vya mwaka juzi. Vyakula vya ghalani havikondeshi mtu.

Nimekupigia picha ya kitambaa, Mama Chaji ameitoa, imo ndani ya bahasha.

Shangazi yako

30 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Mimi sijambo, isipokuwa nimechoka, wiki hii tumepokea makontena na nusu ya vilivyomo vimelowa. Msalimie Baba na kunyamaza kwake.

Ndani ya bahasha nimekuta picha ya kidole gumba. Nimeigeuza huku na huku nikitafuta kitambaa. Kipo kidogo kwenye kona. Ondoa kidole mbele ya kioo cha kamera, Shangazi, tena kioo chenyewe ukifute na kitambaa laini, maana picha yote ina ukungu.

Nimejipima mwenyewe. Badala ya kukuandikia tarakimu ukabishana nazo, nimejipiga picha na futi kamba imenizunguka kifuani, kiunoni, mabegani na mkononi, namba zinaonekana. Umeona kazi yake? Ipo mia nyingine ya kazi hizo. Ukienda dukani kutafuta uzi, piga picha kibandiko cha ule uliokwisha, namba ya rangi iko pale, huhitaji kubeba kipande. Luku ya umeme ikikaribia kuisha piga picha mita, ukabishane na yule mpangaji wako mkiwa na ushahidi. Mkasi ukianguka nyuma ya kabati usilisukume kabati, ingiza mkono na simu, piga, tazama. Dawa za goti za Baba zina maandishi ya kusomwa na sisimizi, zipige picha uyakuze kwa vidole viwili. Mteja akileta nguo ya kuigwa mshono wake, ipige mbele na nyuma aondoke nayo.

Na mwandiko wako una nini? Ulikuwa unaandika kama kitabu. Sasa mistari inapanda mlima, inashuka, neno la mwisho limekwenda kulala juu ya lile la kwanza. Kama unaandika ukiwa unashona, acha kimoja.

Ukikata koti nipigie picha. Bila kidole.

Kibiriti

11 Mei

Kibiriti mwanangu,

Marahaba. Usinuse bahasha ukidhani nimekufa, kuchelewa si kufa. Baba yako mzima, amenunua ngazi. Bati linavuja bado. Wifi yangu mdogo, wa upande wa marehemu mume wangu, amejifungua mtoto wa kiume mwenye sauti ya honi.

Nina la kukiri kuhusu simu, ila usimwambie mtu. Inafaa. Nilianza na kibandiko cha uzi kama ulivyosema. Kisha nikagundua mwenyewe kwamba ukiisogeza karibu na sindano, tundu la sindano linakuwa kubwa kama mlango wa banda, unatunga uzi unatazama kwenye simu. Hilo hukunifundisha. Nikaona basi, barua yako pia nimeipiga picha, nikaikuza kwa vidole viwili, nikaisoma kipande kipande nikiisogeza. Inachukua asubuhi nzima lakini sikuacha hata neno. Sokoni napiga picha bango la bei nikiwa mbali. Na wateja wakiingia nawapiga picha mlangoni. Mtu akisema "Fundi, nimefuata ile nguo," naitazama picha kwanza ndipo najua ni nani na nguo ipi. Mmoja alikasirika, akasema hapa ni kwa fundi au ni kituo cha polisi. Nikamwambia mjini hapa watu wamekuwa wengi.

Kuhusu mwandiko, karatasi za siku hizi haziwekwi mistari. Walaumu wanaotengeneza.

Koti linaendelea. Mtu hapigi picha chungu kikiwa jikoni.

Shangazi yako

25 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mtoto mwenye honi.

Nimeisoma barua yako kazini wakati wa chai, nikacheka nilipofika kwenye kituo cha polisi. Nimeisoma tena jioni na sikucheka. Karatasi yako ina mistari, Shangazi. Ya bluu, kutoka juu mpaka chini, na mmoja mwekundu pembeni. Ninayo hapa mbele yangu.

Nilichokupa ni kamera ya kupigia picha mita na vibandiko. Wewe unaitumia kutunga uzi, kusoma barua na kujua ni nani aliyesimama mlangoni kwako. Mtu uliyemshonea miaka yote unamjuaje kwa picha?

Nilimpigia Baba. Mtandao ulinipa dakika chache, nikamuuliza, "Baba, Shangazi anaona?" Akasema, "Muulize mwenyewe." Nikamwambia nakuuliza wewe. Akasema goti lake halijambo.

Mmenichosha wote wawili. Mmoja hasemi, mwingine anasema kila kitu isipokuwa kile nilichouliza. Nakuomba unijibu neno moja tu, usiniletee habari za bati: unaona?

Koti si lazima. Naweza kununua.

Kibiriti

20 Juni

Kibiriti,

Marahaba. Tuko salama. Bati limezibwa.

Koti hilo nalituma na basi, lichukue kabla ya tarehe yako. Nimelitia bitana, na mfuko wa ndani wa kuwekea simu yako ya kazi. Vifungo ni vile vya koti la marehemu mume wangu, vya pembe, usivipoteze. Nguo ya kwanza ya ukubwa wako haitanunuliwa dukani mimi nikiwa hai.

Shangazi yako

6 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Nimekabidhiwa zamu. Mkubwa wetu alitoa hotuba ndefu, nikapewa funguo na filimbi.

Nimeandika barua hii mara tatu. Ya kwanza niliichana kwa sababu ilikuwa na matusi, na ya pili kwa sababu ilikuwa na machozi. Hii nitaipeleka hivyo hivyo.

Koti lilifika jioni ya kuamkia siku yenyewe. Nililipiga picha likiwa limefungwa, mazoea ya kazi, kisha nikalifungua. Mshono umenyooka. Mabega yamekaa kama umenishika mwenyewe. Vifungo vya marehemu niliwahi kuvichezea nikiwa mtoto, nikavijua mara moja. Halafu nikalipeleka kwenye taa. Mkono wa kushoto umegeuzwa, Shangazi. Ule upande uliofifia uko nje. Koti zima linang'aa na mkono mmoja umekufa. Na pindo lote la chini limeshonwa kwa uzi wa kijani.

Wewe. Uliyenifumulisha sketi nzima nikiwa darasa la sita kwa sababu nilitumia uzi mweusi kwenye kitambaa cha bluu, ukasema asiyejua tofauti ya hizo mbili akauze mchele.

Nimekasirika sana. Si kwa mkono wala pindo. Nimekasirika kwa sababu nilikuuliza neno moja ukanijibu kwa bati. Umeshona gizani, wiki nzima labda, umejichoma vidole, ili tu usiniandikie kwamba huoni. Mimi ni nani kwako, mteja?

Nimelivaa. Msichana mmoja wa zamu aliuliza kama ni mtindo mpya. Nikamwambia ndiyo. Picha yangu nikiwa nimelivaa imo humu, nimemwomba aliyepiga aipige kubwa.

Tuna daktari wa macho anayekuja ghalani kuwapima madereva. Nilimweleza maandishi yanayokupotea, sura usizozijua mlangoni, rangi zinazochanganyika. Akasema bila kukuona hawezi kuapa, ila inafanana na mtoto wa jicho, na kwamba siku hizi hutolewa asubuhi, jioni mtu yuko kwake. Akasema pia usikae nalo, likikomaa mno kulitoa kunakuwa kazi. Mficha maradhi, Shangazi. Sitaimalizia, unaijua.

Nenda ukapimwe. Usiponijibu naomba ruhusa ya siku chache nije nikubebe mgongoni, na hiyo filimbi nitakuja nayo.

Kibiriti

3 Agosti

Kibiriti,

Marahaba.

Sina habari za nyumbani leo. Baba yako amekaa hapa, amekataa kuondoka mpaka nikuandikie, na anahema kama lori la gerejini kwake.

Ndiyo. Sioni vizuri. Umefurahi?

Jicho la kulia lilianza zamani kidogo, nikasema ni uchovu. La kushoto likafuata. Ni kama kutazama kupitia chandarua kilichofuliwa vibaya. Kitambaa chako nilikishika, vidole vikaniambia pande zote mbili ni sawa, na macho hayakuwa na la kuongeza. Nilikwenda nacho mlangoni kwenye mwanga, ikawa mbaya zaidi, kila kitu kikang'aa. Ningeweza kumwita Mama Chaji anitazamie. Nilifika mpaka kizingitini. Lakini siku fundi anapomwomba muuza chaja amwonyeshe upande wa kitambaa, siku hiyo cherehani iuzwe. Nikarudi, nikabahatisha. Nilipofika mkono wa kushoto nilibahatisha vibaya.

Sasa wewe unasema mtoto wa jicho hutolewa asubuhi. Hukumjua bibi yako. Mama yangu mimi aliingia kule hospitali akiwa anaona kidogo, anatambua mlango, anatambua uso wangu nikimsogelea. Tuliambiwa ni jambo dogo. Alitoka na bandeji, bandeji ikafunguliwa, akasema, "Mbona hamjawasha taa?" Ilikuwa mchana. Nilikuwa nimemshika mkono. Hakuna aliyetuambia kilichotokea, wala kama jicho lilikuwa limeshaharibika kabla hawajaligusa. Walisema tulilileta likiwa hivyo. Sisi tulisema hapana. Nani angetuamini? Alikaa miaka yote iliyobaki akiuliza ni saa ngapi.

Kwa hiyo usiniletee methali. Naogopa. Nimeandika, haya, soma tena ukipenda. Hiki chandarua nakijua, najua mlango ulipo na mkasi ulipo. Giza la mama yangu silijui na sitaki kulijua.

Wateja wamepungua. Yule wa nguo ya harusi alikuja kuchukua kitambaa chake kabla sijakikata, akasema amebadili mawazo. Alisema kwa upole na hilo ndilo lililoniuma.

Picha yako nimeibandika ukutani juu ya cherehani. Naona kitu cha bluu.

Shangazi yako

15 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako, nikaenda kukaa nyuma ya ghala kwenye mbao mpaka nilipoitwa.

Habari ya bibi sikuijua. Baba hakuwahi kuisema, lakini Baba hajawahi kusema hata kwamba ana njaa. Sasa naelewa kwa nini yeye naye hakunijibu. Nimewachukia bure kwa miezi kadhaa na sijui hasira hiyo niirudishe wapi.

Sitakuja na filimbi. Ila nina hasira bado na nitaisema. Nina hasira na wale waliomrudisha bibi bila maelezo. Nina hasira na wewe kwa kukaa peke yako na woga huo huku ukinichekesha kwa habari za honi. Na nina hasira na mimi, niliyekutumia simu ya kukuzia maandishi nikajiona nimekusaidia, kumbe nimekupa fimbo ya kutembelea ili usiende kutibiwa mguu.

Sikulazimishi kufunguliwa jicho. Kupimwa si kufunguliwa. Nenda na Baba, mkae na daktari, umuulize kila kitu, akikuudhi uondoke. Sina la kuongeza, Shangazi. Kazini nikikwama namwita mkubwa wangu. Hapa mkubwa ni wewe.

Mwanao

9 Septemba

Kibiriti mwanangu,

Marahaba, na ongeza shikamoo nyingine, ya mara iliyopita uliiandika kwa unyonge.

Baba yako ameuza ngazi. Anasema goti limepona, mimi nasema limekufa ganzi. Mtoto wa wifi amepunguza honi. Mama Chaji anakusalimu, ndiye anayeshika karatasi isiteleze, na sasa ananiambia mstari ulipo bila mimi kuona haya. Kidogo naona.

Nilikwenda. Sikwenda kwa ajili ya methali zako. Nilikwenda kwa sababu ya ile fimbo uliyoiandika, iliniudhi nikashindwa kulala. Aliyenipima ni binti wa rika lako, mfupi, ana haraka. Nikamwambia sitaki haraka, mimi ni fundi, najua kazi ya haraka inavyofumuka. Akavuta kiti, akakaa. Nikamweleza habari ya mama yangu kuanzia mlangoni mpaka kwenye taa. Hakusema hayo ni ya zamani, ningeondoka. Alisema, "Mama, sijui walimfanya nini, na hukustahili kutojua." Hakuna mtu aliyewahi kuniambia hivyo. Baba yako alitoka nje akasema anatafuta choo, lakini choo kilikuwa upande wa pili.

Anasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na la kulia limechelewa sana. Hawezi kuniahidi. Ataanza na hilo. Nikamuuliza, likiharibika mtasema nililileta hivyo?

Nikamwambia, binti, mwanangu ni msimamizi wa zamu kwenye ghala, na kule kwao kitu hakifunguliwi kabla hakijapigwa picha. Nikatoa simu. Nilidhani atakasirika kama wale wateja. Akaichukua simu mwenyewe, akainyoosha, akanishika kidevu, akawasha taa ile kubwa, akasema usipepese.

Picha hiyo imo humu, Mama Chaji ameitoa kubwa kuliko zote. Kidole hakimo. Nilijaribu kuitazama nami, nikaikuza mpaka mwisho, nikaona katikati pamekuwa peupe kama kifungo cha shati. Miezi yote hii nimekisingizia kioo cha kamera ukungu.

Wanalifungua Alhamisi. Iweke picha hiyo mahali pakavu. Wakiliharibu, unao ushahidi. Na kama wasipoliharibu, basi itunze hivyo hivyo, uone nilikuwa nakutazama kwa jicho gani.

Nimekwambia ninaogopa, na bado. Lakini naenda.

Shangazi yako

30 Septemba

Kibiriti,

Marahaba. Naandika mwenyewe, hakuna aliyeshika karatasi. Na ndiyo, ina mistari.

La kushoto bado, watalifanya baadaye. La kulia walilifungua bandeji asubuhi. Niliwaambia kabla kwamba kama taa haijawashwa wawashe sasa hivi. Baba yako ndiye niliyemwona wa kwanza. Amezeeka, ana mvi mpaka kwenye nyusi, na hakuna hata mmoja wenu aliyeniandikia habari hiyo. Nilimshika uso, akasema tuondoke, gari limeegeshwa vibaya.

Tulipofika nyumbani sikukaa. Nilikwenda moja kwa moja kwenye cherehani, nikaitazama picha yako ukutani, bila simu, bila kukuza.

Nani alikuruhusu kusimama mbele ya watu na mkono ule? Na pindo la kijani, yaani kijani kama jani. Umepigwa picha mbele ya mkubwa wako, unacheka, umeinua kidevu kabisa, na umeutanguliza mkono wa kushoto.

Lirudishe koti kwa basi la kwanza. Usimpe mtu mwingine alitengeneze, na wewe usiuguse huo mshono. Nitaufumua mwenyewe.

Shangazi yako